Kuitazama The Lion King Ukubwani, Safari Hii Upande wa Fisi

Nyumbani kwetu The Lion King ilikuwa VCD ya diski mbili, zile za kununua kwa machinga, kava lenyewe fotokopi. Diski ya kwanza ilikuwa inaishia muda mfupi baada ya Mufasa kufa. Simba kakimbia, Scar kapanda mwambani, fisi wanamiminika wakicheka. Basi. Hapo inabidi uinuke, utoe diski, uweke ya pili. Sasa hiyo ya pili ilikuwa imekwaruzika. Inaganda, inaruka, inaganda tena, kisha deki inagoma kabisa. Kwa hiyo kwa karibu mwaka mzima filamu niliyoijua mimi ilikuwa hiyo tu: baba anauawa, fisi wanashinda, mwisho.

Nakwambia haya mapema ili ujue kwamba sina usafi wa kuhukumu kesi hii. Niliwachukia fisi kabla sijajua kusoma. Halafu nikaenda chuo, nikasomea ikolojia ya wanyamapori, na sasa hivi ninafanya utafiti kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambako fisi si katuni. Likizo iliyopita nimeitazama upya filamu yote, mwanzo hadi mwisho, nikiwa na mtoto wa dada yangu wa miaka sita. Yeye ndiye aliyeniharibia starehe. Ilipofika sehemu Simba anarudi na kukuta nchi imekuwa kijivu, miti mikavu, hakuna hata panzi, akauliza: "Mamdogo, kwa nini mvua imegoma?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Hili ni swali la fani yangu kabisa. Nikagundua kwamba ndani ya filamu jibu ni moja tu: kwa sababu fisi wameingia.

Tutalirudia hilo. Kwanza niseme wazi kwamba filamu bado ni nzuri, na anayekwambia si nzuri ana lake jambo. Ilitoka Juni 1994, ikaongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff. Watengenezaji walisafiri hadi Kenya kuangalia mbuga kabla ya kuchora, na inaonekana. Ule mwanga wa asubuhi, vumbi linavyokaa hewani, namna swala anavyotega masikio. Sauti ya kwanza unayoisikia ni ya Lebo M akiimba kwa Kizulu, na sisi watoto wa Kiswahili tulilazimisha yawe maneno yetu. Kila nyumba ilikuwa na tafsiri yake. Halafu ile mbio ya nyumbu korongoni. Iliandikiwa programu maalumu ya kompyuta ili mamia ya nyumbu wakimbie bila kugongana wala kufanana hatua, na ilichukua miaka kuikamilisha ingawa kwenye skrini ni dakika chache. Nimeiona sasa nikiwa nimeshasimama mbele ya kundi la nyumbu wa kweli, na bado nilishika mkono wa yule mtoto.

Makosa madogo yapo na sitakuchosha nayo. Wale siafu wa mwanzo wanaobeba vipande vya majani ni wadudu wa bara la Amerika, huku kwetu hawapo. Rafiki ana uso wa mandrili, nyani wa misitu ya Gabon na Kameruni, asiye na shughuli yoyote kwenye nyika. Timon ni mnyama wa Kalahari. Ndugu yake wa huku ni nguchiro. Makaburi ya tembo hayapo popote duniani. Sawa. Filamu si kitabu cha jiografia, na mtu anayeacha kuifurahia kwa sababu ya siafu simwelewi.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Kuna makosa ya kutojua, na kuna makosa ya kuchagua.

Anza na majina. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Sarabi ni yale maji ya uongo unayoyaona barabarani jua likiwaka. Pumbaa ni kitenzi chetu, ameonewa kidogo lakini tunacheka. Kiongozi wa fisi sasa, anaitwa Shenzi. Kwa mtoto wa Chicago hiyo ni sauti tu, kama jina la dawa ya meno. Wewe na mimi tunajua. Neno "mshenzi" lilitumiwa pwani kuwataja watu wa bara, wasio "wastaarabu", wakoloni wakalidaka na kulitumia walivyotaka, na hadi leo ukimwita mtu hivyo dukani jiandae. Filamu inamchukua mnyama anayeishi nje ya mpaka, mahali pa giza ambapo mtoto wa mfalme amekatazwa kwenda, mwenye njaa isiyo na kikomo, na kumbatiza jina hilo. Wenzake ni Banzai, ambalo ni neno la Kijapani, na Ed, ambaye hasemi neno, anacheka tu ulimi nje. Kisha kwenye wimbo wa Scar fisi wanapiga gwaride mbele yake kwa mtindo uliochukuliwa waziwazi kutoka filamu ya propaganda ya Wanazi ya Leni Riefenstahl ya mwaka 1935. Nilipokuwa mtoto niliona fisi wengi tu. Safari hii niliona jeshi.

Utasema labda mwaka 1994 watu hawakuwajua fisi. Hapana, walijulikana vizuri. Mwanabayolojia Mholanzi Hans Kruuk aliwafuatilia fisi wa madoa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, tena usiku, kwa sababu kazi yao kubwa wanaifanya usiku. Kitabu chake kilitoka mwaka 1972. Alichokikuta kiligeuza hadithi yote. Watalii wa asubuhi walikuwa wanakuta simba wanakula na fisi wamewazunguka, wakahitimisha kwamba simba ndiye ameua na fisi anasubiri makombo. Kumbe pale Ngorongoro mara nyingi mambo yalianza kinyume. Fisi ndio waliowinda, simba akasikia kelele, akaja kupora. Fisi unayemwona amekaa pembeni anadai chakula chake mwenyewe.

Na si hilo tu. Wachoraji wa Disney walikwenda chuo kikuu cha Berkeley, California, ambako kulikuwa na kundi la fisi waliofugwa kwa ajili ya utafiti, asili yao Kenya. Walikaa nao, wakawachora. Mmoja wa wanasayansi wa pale, Stephen Glickman, mwaka 1995 alichapisha makala ndefu kuhusu jinsi fisi alivyochafuliwa jina tangu enzi za Aristotle mpaka filamu hii. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii watu waliokosa taarifa. Walikuwa na mnyama mbele yao, wakachukua mwendo wake, mgongo wake, kicheko chake, na kuiacha tabia yake.

Na tabia yenyewe, bwana, ndiyo ingeleta filamu. Hebu nikwambie kidogo. Fisi wa madoa anaonekana kama mbwa, lakini kibayolojia yuko karibu zaidi na paka na nguchiro. Koo zao zinaweza kufika fisi themanini na zaidi. Jike ndiye mkubwa, kimwili na kimadaraka. Cheo anakirithi mtoto kutoka kwa mama, na dume akishakua kwa kawaida anahama, anakwenda kwenye ukoo wa watu na kuanzia chini kabisa, nyuma hata ya watoto. Maumbile ya jike nje yanafanana na ya dume kiasi kwamba kwa karne nyingi watu waliamini fisi ana jinsia mbili, na ni kwa kupitia maumbile hayohayo anazaa, kwa shida kubwa, hasa uzazi wa kwanza. Yaani wewe unatafuta hadithi ya ufalme, urithi, njama na ukoo? Iko hapo! Tangu mwaka 1996 watafiti wamekuwa wakiwafuatilia fisi wa kreta ya Ngorongoro mmoja mmoja, kizazi baada ya kizazi, nani mtoto wa nani. Hakuna ukoo wa kifalme wenye kumbukumbu nzuri namna hiyo.

Cha kuchekesha ni kwamba Shenzi ni jike. Sauti yake ni ya Whoopi Goldberg, na ndiye anayeongoza wale wawili. Kwa bahati, katikati ya matusi yote, filamu imepatia. Toleo la 2019 la Jon Favreau lilimfanya Shenzi kuwa mtawala hasa, mwenye uzito, na huo ni uungwana kidogo, ingawa filamu yenyewe iliniacha baridi. Nyuso za wanyama zilikuwa halisi mno hadi hazikuweza kuhuzunika.

Sasa njoo kwa simba wenyewe, maana nao wamesingiziwa, ila kwa kusifiwa. Kundi la simba ni la majike: mama, dada, mabinti, mama wadogo. Wanazaliwa hapo, wengi wanakufa hapo, na uwindaji mwingi wanaufanya wao. Madume ni wapangaji. Wanakuja wakiwa wawili au watatu, mara nyingi ndugu, wanatawala miaka michache, wanafukuzwa na wengine. Dume mpya akiingia kwa kawaida huwaua watoto wadogo wa dume aliyetoka, na majike wanarudi kwenye joto mapema. Inatisha, lakini ndivyo ilivyo, na mtu anayeijua habari hii akimtazama Scar anamwona kwa jicho lingine. Scar anayetaka kumwondoa mtoto wa mtangulizi wake ndiye mhusika pekee wa filamu anayefanya kama simba.

Halafu lile shungi lake jeusi. Kwenye katuni rangi nyeusi ni ya mhalifu, na Mufasa amepewa nywele nyekundu za joto. Mwaka 2002 Peyton West na Craig Packer walichapisha matokeo ya utafiti wao Serengeti, ambako waliweka simba wa bandia wenye manyoya ya shingo tofauti na kuangalia simba halisi wanafanyaje. Majike walivutiwa na wenye manyoya meusi. Madume waliwaogopa. Weusi ni dalili ya kula vizuri na kuwa na homoni nyingi za kiume. Kwa macho ya Sarabi na wenzake, bwana Scar angekuwa ndiye kijana wa kupendeza na Mufasa wa kawaida tu. Nilipomweleza dada yangu hili alicheka hadi akakaa chini.

Lakini nilipoacha kucheka nilibaki na Sarabi kichwani. Utotoni sikumwona kabisa. Sasa nimemwona: jike mzima, kiongozi wa wawindaji, yuko na wenzake wengi, mbele yao dume mmoja mkondefu aliyechoka. Na wanasubiri. Miaka inapita, wanasubiri kijana aliyekuwa anakula wadudu porini akikwepa majukumu, arudi awakomboe. Nala anatoka kutafuta msaada, na msaada anaouleta ni dume. Filamu inataka tuamini kwamba nchi haiwezi kupona mpaka mwenye damu sahihi akanyage mwamba. Ndipo ninapoliona lile swali la mvua lilipotokea.

Si unakumbuka mwisho? Simba anapanda, anaunguruma, mvua inanyesha, na muda mfupi baadaye nchi ni ya kijani. Yaani mawingu yanasubiri uteuzi. Kama kisa cha kale, naelewa. Duniani kote kuna hadithi za mfalme anayeshikilia mvua, na kwetu pia. Ila ni filamu hiyohiyo ambayo mwanzoni ilijitangaza kuwa inatufundisha mzunguko wa uhai. Mufasa alimweleza mwanawe vizuri tu kwamba miili yetu inakuwa majani na swala wanakula majani. Halafu nusu ya pili ikasahau somo na kutwambia ukame unaletwa na walaji wabaya.

Serengeti ya kweli inakwenda kinyume. Mvua inaamua majani, majani yanaamua nyumbu, na nyumbu ndio wanaoamua simba na fisi watakuwa wangapi. Tunajua kwa sababu mbuga ile ilipitia jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulifanya. Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikamaliza ng'ombe, ikawaangusha wafugaji kwa njaa, na kuua nyumbu na mbogo wengi mno. Ugonjwa ukabaki ukizunguka kwa miongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kisha chanjo ya ng'ombe wa vijiji jirani ikaukata ugonjwa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa zaidi ya 1,200,000. Simba na fisi walikuwepo muda wote huo wakila kila siku, na hawakuweza kuwazuia. Nyumbu walipoongezeka walikula majani mengi, moto wa kiangazi ukapungua, na miti ikaanza kurudi. Kama unatafuta mwamba wa mfalme Serengeti, angalia kwenye sindano ya daktari wa mifugo kijijini.

Vijiji. Hivyo navyo filamu haina. Hakuna mtu hata mmoja, hakuna ng'ombe, hakuna moshi. Ni nyika kama ilivyopendwa kuonyeshwa, iliyojiumba yenyewe jana. Sehemu wanayotaka kutukumbusha ndiyo hiyo ambako Wamaasai walikuwa wakichunga, wakahamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959 kupelekwa upande wa Ngorongoro. Sidai Disney wangeingiza hilo kwenye katuni ya watoto. Ninachosema ni kwamba mtoto anayekua na picha ya nyika isiyo na watu anakuja kushangaa siku akiwakuta, na nimewahi kufanya kazi na watu wazima wa aina hiyo.

Sasa, kabla hujanipa pole kwa niaba ya Waafrika, tusiwasingizie Wamarekani peke yao. Mimi fisi nilimjua kwa bibi kabla ya deki. Ni yule wa njia mbili zilizomshinda, aliyenusa nyama huku na huku akapasuka kwa tamaa. Ni yule anayedanganywa na sungura kila jioni bila kujifunza. Ni usafiri wa wachawi. Na mtaani leo mwanaume asiyejizuia kwa wanawake anaitwa nani? Disney walikuta shamba limeshalimwa. Walichofanya ni kuchukua fisi wetu mjinga, mroho, ambaye walau tulimcheka na kumwonea huruma kidogo, na kumvalisha sare ya jeshi.

Nilidhani hayo yote niliyavuka chuoni. Mtihani wa tabia za wanyama nilipata A, na swali la fisi lilikuwemo.

Halafu mwaka jana, nikiwa uwandani, mzee mmoja alinipeleka kuona mzoga wa ng'ombe uliokuwa umetiwa sumu. Fisi walikuwa wamekula ndama wake wawili ndani ya mwezi mmoja, na kwa familia ile ndama wawili ni ada ya shule. Simlaumu, na nilimwambia hivyo. Kuuzunguka mzoga kulikuwa na tumbusi waliokufa, mbawa zimetanuka. Nilishikwa na uchungu, nikawahesabu mmoja mmoja, nikapima, nikapiga picha za miguu. Jioni nikamtumia msimamizi wangu nakala ya daftari. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja. Alikuwa amezungushia duara sehemu niliyoandika "tumbusi 14, na fisi kadhaa", akauliza: kadhaa ni wangapi?

Sikujua. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwao na sikuwahesabu. Sikuangalia kama ni majike, wala kama yupo aliyekuwa ananyonyesha. Na hilo ndilo swali pekee lililokuwa na maana, kwa sababu fisi wa Serengeti hunyonyesha kwa zaidi ya mwaka, na kwa kawaida jike hanyonyeshi mtoto wa mwenzake. Nyumbu wakihama, mama anaacha watoto pangoni, anatembea makumi ya kilomita kwenda kula, anarudi na maziwa, anaondoka tena. Mama asiporudi, pangoni hakuna atakayekuja badala yake. Kwa hiyo idadi ya waliokufa siku ile haikuwa ile iliyolala pale chini, na mimi hata hiyo ya chini sikuwa nayo. Nilirudi kesho yake. Walikuwa wameshachomwa moto pamoja na mzoga, kama inavyotakiwa.

Safu ile kwenye jedwali la utafiti wangu ina alama ya kukosekana kwa data. Sitakwambia kwamba ni kosa la VCD iliyokwaruzika, ningekuwa nachekesha. Ila nilipokuwa nimekaa kwenye kochi na mtoto wa dada, fisi wakimiminika chini ya mwamba kwa mamia bila uso, sikuweza kukwepa kuona kwamba na wachoraji nao hawakuwahesabu.

Filamu ilipoisha, Scar kaliwa na fisi walewale motoni, Simba juu, mtoto mpya juu zaidi, dogo hakupiga makofi. Akauliza swali lake la pili: Shenzi ana mtoto?

Nikamwambia kwenye filamu hatujaonyeshwa. Wa kweli angekuwa na wawili hivi, weusi tii bila doa hata moja, maana madoa huja baadaye, na wangezaliwa macho wazi na meno tayari. Na binti yake akikua ndiye angekuwa mkubwa wa wote.

"Mkubwa kuliko Scar?"

Nikamwambia Scar tumemaliza naye, ameshaliwa. Akaniomba karatasi. Alichora mnyama mweusi mwenye meno mengi sana, na chini akaandika SHENZI MDOGO. Dada ameibandika kwenye friji, na wageni wote wanadhani ni panya.